Makinda hakuanzia kwenye kiti cha Spika

Nauza mchele wa Kamsamba hapa Chapwa, na Bunge likikaa redio ya dukani haizimwi. Wateja wangu wengi ni akina mama wanaovuka mpaka kwenda Nakonde asubuhi na kurudi jioni, wenye kwacha kwenye pochi na shilingi kwenye pindo la khanga. Lakini akitajwa mwanamke kiongozi, utawasikia haohao wakisema: huyo naye kabebwa tu. Nimechoka kulisikia. Ndiyo maana leo nataka tumzungumzie Anne Makinda, Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge letu.

Makinda ni mtoto wa Njombe, hukuhuku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Aliingia bungeni mwaka 1975, msichana wa miaka ishirini na kitu aliyetoka chuo cha Mzumbe, akiwa hana jimbo. Mpaka anakalia kiti cha Spika, Novemba 2010, ilikuwa imepita miaka 35. Humo katikati amekuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, amekuwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Wanawake na Watoto, amekuwa Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma, amekwenda kuomba kura Njombe Kusini na kuzipata, kisha akakaa miaka mitano akiwa Naibu Spika.

Wanaosema alibebwa wana pa kushikia, sikatai. Mwaka 2010 Kamati Kuu ya CCM ilirudisha majina matatu ya wagombea uspika, yote ya wanawake: yeye, Anna Abdallah na Kate Kamba. Samuel Sitta, aliyekuwa anamaliza muda wake na bado anautaka uspika, aliwekwa kando. Watu walinung'unika. Lakini chama kilipoamua kwamba sasa ni zamu ya mwanamke, mwanamke anayezijua kanuni alikuwapo tayari. Je, angekuwa hayupo? Hapo ndipo tungebebeshwa mtu kwelikweli.

Tena sisemi alikuwa malaika. Wapinzani walitoka nje ya ukumbi wake mara nyingi wakidai anailinda serikali, na kuna siku hata mimi nilimwona mwepesi mno wa kumkatisha mtu. Ila ni chini ya kiti hichohicho, Novemba 2014, Bunge lilipojadili fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300, na kupitisha maazimio. Haikuchukua muda Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu. Mwaka uliofuata Makinda hakugombea tena. Alikuja kurudi kwetu kwa namna nyingine mwaka 2022, akiwa Kamisaa wa Sensa, makarani wakipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi.

Spika wa pili mwanamke, Dkt. Tulia Ackson, naye ni wa huku, Rungwe. Njia yake ilikuwa fupi: mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Naibu Mwanasheria Mkuu, kisha mwaka 2015 akateuliwa na Rais kuwa mbunge na papo hapo akawa Naibu Spika. Jimbo alilichukua baadaye, Mbeya Mjini, 2020. Nampa heshima zake zote. Lakini binti wa Chapwa nikimwambia asubiri udaktari wa falsafa na simu kutoka Ikulu, nitakuwa namdanganya. Njia ya Makinda, ya kuanza mapema na kujifunza kazi ukiwa humohumo ndani, ndiyo tunayoweza kumfungulia.

Na hata akifika, tusidhani amepokewa. Jirani zetu wa Momba walimchagua Condester Sichalwe mwaka 2020, binti kijana, tena jimboni, si viti maalumu. Juni 2021 mbunge mwenzake, mwanamume, alisimama kulalamikia suruali yake, na Spika wa wakati huo, Job Ndugai, akamwamuru atoke akavae vizuri ndipo arudi. Nchi nzima ilijadili ile suruali. Hapa dukani kila mteja alikuwa na maoni yake juu ya mshono na rangi. Sikumsikia hata mmoja akiuliza watu wa Momba walikuwa na shida gani bungeni siku ile.

Kuna binti hapa mtaani anayeandika vitabu vya kikoba chetu. Hesabu zake hazijawahi kupishana, na mwanachama anayechelewesha marejesho anamfuata mpaka nyumbani bila kumwogopa. Alipotaka kugombea uongozi wa mtaa, wazee walimuuliza kwanza mume wake anasemaje, kisha akipata ujauzito itakuwaje. Fomu hakuchukua. Kamati ya mtaa ina nafasi za wanawake kisheria, lakini tunasubiri wiki ya mwisho ndipo tunatafuta yeyote aliye tayari, ilimradi nafasi isibaki wazi. Baadaye tunamcheka kwamba kabebwa.

Uchaguzi wa serikali za mitaa mwingine ni 2029. Ninyi viongozi wa vyama hapa Chapwa, chama chochote kile, mfuateni huyo binti sasa hivi, mumkalishe kwenye vikao na kumpa kanuni azisome. Na ninyi wateja wangu, siku akija kuomba kura, muulizeni habari za maji, ushuru na barabara. Mumewe mwacheni alee watoto.