Kalamu ya Msimamizi wa Bajeti

Tulipodai mageuzi hatukudai kura peke yake. Tulidai pia kwamba ufunguo wa hazina usikae mfukoni mwa mtumiaji. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1986, Bunge lilipomwondolea Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kinga ya kazi yake. Kinga ilirejeshwa 1990. Mwaka uliofuata wizi wa Goldenberg ukaanza! Mkaguzi hufika fedha zikiwa zimekwisha kwenda.

Ndiyo sababu Katiba ya 2010 ilimweka mlinzi mlangoni. Kifungu cha 228 kinamwamuru Msimamizi wa Bajeti asiidhinishe senti kutoka hazina pasipo idhini ya sheria, na kinampa miaka minane isiyoongezwa ili asibembeleze mtu. Agnes Odhiambo aliianza kazi hiyo 2011, na mwishoni mwa 2019 akaipokea Dkt. Margaret Nyakang'o.

Januari 2023 Dkt. Nyakang'o aliiambia kamati ya Bunge la Taifa kwamba alishinikizwa kuidhinisha zaidi ya shilingi bilioni 15 siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022. Humo mlikuwa na takriban bilioni 6 za kununua hisa za Telkom Kenya. Wabunge walikuwa wametawanyika kusaka kura. Kichaka kilikuwa Kifungu cha 223, kinachoiruhusu Serikali kutumia kwanza na kuomba ruhusa ya Bunge baadaye.

Tunampongeza kwa kusema. Lakini, kwa heshima zote, alikwisha kutia sahihi. Katiba haikumpa kalamu ya kulalamikia. Ilimpa kalamu ya kukataa. Nao waliomshinikiza hawawezi kujificha nyuma ya sahihi yake.

Waumini wa Kangemi na Kawangware wanalijua jambo hili vyema kuliko wakubwa wa Harambee Avenue. Mweka hazina wa kanisa akitoa fedha bila azimio la kamati, huulizwa Jumapili hiyo hiyo. Sisi tulingoja miezi mitano, na shilingi hizo ni kodi ya muuza mboga wa Dagoretti.

Kwa hiyo tunadai sheria irekebishwe: kila ombi la Kifungu cha 223 litangazwe hadharani kabla ya sahihi kutiwa, pamoja na jina la ofisa aliyeliomba. Nanyi viongozi wa makanisa, taarifa ya Msimamizi hupelekwa Bungeni kila baada ya miezi minne. Itafuteni, muisome mbele ya waumini, kisha mwiteni mbunge wenu aieleze.