Dada karudi Maskati, kaniachia viatu jozi tatu

Leo usitegemee zile stori zangu za kwenye kumbi za muziki wala za wapenzi kufumaniana. Wiki iliyopita nilikuwa Moro, mji kasoro bahari, kumsindikiza dada yangu anayerudi zake Maskati. Ilikuwa siku moja tu, tena ya kimya, isiyo na kasheshe lolote. Lakini mwenzio imenikaa kichwani mpaka leo.

Nilipanda treni ya umeme jioni. Tangu ianze safari za Dar na Moro mwezi Juni 2024, kisingizio cha kutokwenda kumwona bi mkubwa kimeniishia, maana ni kama saa mbili tu umefika. Zamani nilikuwa nasingizia foleni ya Kimara. Siku hizi nasingizia kazi, ingawa mwenyewe unaijua kazi ya mwandishi wa kujitegemea: leo unayo hela ya soda, kesho unaikumbuka tu.

Dada anafanya kazi za ndani kule Oman, kwa mikataba ya miaka miwili miwili. Ameshamaliza miwili, huu anaokwenda kuanza ni wa tatu. Likizo yake ilikuwa mwezi mmoja, nao ukakatika kama daladala inayomkimbia trafiki. Ikabaki siku moja, na orodha ya mambo ya kufanya imejaza ukurasa mzima wa daftari la mwanawe.

Hapo ndipo penyewe, msomaji. Dada ana mtoto wa kike. Alimwacha akiwa na miaka miwili, sasa ana sita. Bibi yake anamwita "mama". Mama yake mzazi anamwita "anti". Hakuna aliyemfundisha, kajifundisha mwenyewe kutokana na anayemwona kila siku. Mwezi mzima dada alikuwa anaitika "abee" kama vile jina hilo ni lake tangu azaliwe.

Basi asubuhi tukatoka watatu. Tulianzia benki kubadili riyali zake za mwisho. Riyali moja ya Oman ni zaidi ya shilingi elfu sita, ukisikia hivyo unaona kama mtu anatembea na mgodi mfukoni. Subiri sasa zigawanywe! Hii ya ada, hii ya dawa za presha za bi mkubwa, hii ya bati za chumba cha uani, hii ya deni la dukani. Tulipofika mlangoni, mgodi ulikuwa umebaki nauli ya bodaboda.

Kutoka hapo tukaenda kutoa kopi. Pasipoti, mkataba, na namba za simu za kule anakokaa, kila kitu nakala tatu: moja yake, moja ya bi mkubwa, moja yangu. Hili naliweka hapa makusudi. Kama una dada au rafiki anayekwenda kufanya kazi majuu, usikubali aondoke hujabaki na kopi ya mkataba na namba ya ubalozi wetu. Siku mambo yakiharibika, jina la mtaa alilokutajia mara moja kwenye simu halitakusaidia kitu.

Kwa fundi cherehani tukaambiwa lile neno ambalo mafundi wote walizaliwa nalo: "Kesho." Dada akamwambia kesho usiku yupo angani. Fundi akakuna kichwa, akaangalia mashine, akatuomba tupite saa kumi. Ajabu, saa kumi dera lilikuwa tayari! Kumbe wanaweza.

Sokoni, pale Soko Kuu la Chifu Kingalu, akanunua mdalasini, pilipili manga na karafuu zilizoteremka kutoka Matombo na Kinole. Nikamcheka. Nikamwambia, dada, Sayyid Said alitoka Oman akaja kufanya Unguja kisiwa cha karafuu, leo mtoto wa Kiluguru anabeba karafuu kuzipeleka Oman! Akasema hawapelekei wenye nyumba, ni za kwake mwenyewe. Anaziweka ndani ya mto wa kulalia, ili akifumba macho asikie harufu ya nyumbani. Nikaacha kucheka.

Jambo la mwisho kwenye orodha lilikuwa viatu vya shule. Mtoto akajaribu namba 29, vikamkaa sawasawa. Dada akamwambia muuzaji afunge. Halafu akaomba na namba 31. Halafu na 33. Muuzaji akauliza kwani watoto wangapi? Dada akajibu bila kumwangalia, "Ni mmoja. Hivi vya mwaka huu, hivi vya mwakani, na hivi vya mwaka nitakaorudi."

Yule muuzaji alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hapo alifunga mzigo kimyakimya, na bei akatupunguzia bila kuombwa.

Baada ya chakula cha mchana bi mkubwa akatufukuza nyumbani. Alisema mabegi atayapanga mwenyewe, sisi tukanyooshe miguu. Tukashika njia ya mlimani, ile inayopanda kandokando ya Mto Morogoro kuelekea Morningside. Hatukuwa na mpango wa kufika juu, na mtoto wa miaka sita usingefika naye kokote. Tulitembea tu.

Wewe wa Dar unayedhani Uluguru ni picha ya kupigia selfi ukiwa Msamvu, siku moja panda. Migomba imesimama kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe anafikiria mara mbili. Akina mama wanashuka na mabeseni ya mboga na stroberi vichwani, wanakwenda haraka na wala hawashiki kitu, na bado wanakusalimia. Huko juu kabisa kwenye msitu yupo ndege ambaye dunia nzima anapatikana kwenye milima hii tu. Sisi hatukumwona, tuliona kima wawili na kuku wa mtu.

Dada alivua viatu akaingiza miguu mtoni. Akasema Maskati nako kuna milima, tena mirefu, lakini ni mikavu, mawe matupu. Maji ya bomba ya kule yanatoka baharini, yanatolewa chumvi kwa mitambo. "Nikifungua bomba kule," akasema, "huwa naukumbuka mto huu." Alikaa hivyo muda mrefu, anasikiliza maji. Sijui kama ameshawahi kupata saa nzima ya kukaa bila kuitwa.

Mtoto naye alikuwa anatupa majani kwenye maji. Akaniuliza, "Mjomba, hili linaenda wapi?"

Hapo jiografia yangu ya kidato cha nne ikapata kazi. Nikamwambia Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu, ambao watu wa Dar tunakunywa maji yake, unamwaga baharini karibu na Bagamoyo.

"Na bahari inaenda wapi?"

Nikamwambia hiyohiyo ndiyo inafika mpaka Maskati.

Akafikiri kidogo. Akachuma jani kubwa zaidi, akaliweka majini taratibu, hakulitupa. "Basi anti akifika atalikuta."

Dada aliinama akajifanya anaosha miguu. Miguu ilikuwa misafi, msomaji.

Wakati tunashuka, mtoto katangulia anaruka mawe, dada akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia mwezi mzima. "Mdogo wangu, niambie ukweli. Niende au nibaki?"

Sasa nikiri kitu. Ada yangu ya kidato cha tatu na cha nne ilitoka Maskati. Simu ninayoandikia safu hii ilitoka Maskati. Mimi ninayewashauri ninyi kila wiki kuhusu mapenzi na maisha, nilishindwa kumjibu dada yangu neno moja. Nikimwambia baki, dawa za mama nitanunua kwa hela ya makala? Nikimwambia nenda, nitamwambiaje wakati nimetoka kuliona lile jani? Nikanyamaza. Tukaenda hatua kama mia hivi. Akasema, "Haya, nimekusikia."

Kesho yake tukaongozana stesheni, maana mimi ndiye wa kumfikisha Dar mpaka uwanja wa ndege. Bi mkubwa hakuja, alisema ana unga juani. Aliyekuja ni mtoto, kaletwa na jirani. Nikamwona anatembea kama bata, anaburuza miguu. Kutazama chini, kavaa vile viatu vya namba 33! Nikamuuliza, mjomba wangu, mbona umevaa vikubwa?

Akanijibu kwa sauti ya mtu anayemweleza mjinga. "Anti kasema hivi vikinienea ndiyo anarudi. Nimevivaa sasa hivi ili vinienee haraka."

Sitakueleza dada alivyokuwa baada ya hapo. Nitakueleza tu kwamba treni haimsubiri mtu, na kwamba kutoka Moro mpaka Pugu hatukuzungumza. Usiku akapita mlango wa wasafiri, akageuka mara moja, akapunga mkono ulioshika kile kifuko cha karafuu.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mtu wake. Zamani mjomba alikuwa na shamba na kauli. Mimi sina shamba, na kauli yangu mmeiona ilivyokwama mlimani. Lakini treni ipo na nauli ya elfu kumi na tatu si ya kunishinda mara moja kwa mwezi nikipunguza viwanja vya Ijumaa. Kila mwisho wa mwezi nitakwenda Moro. Nitampeleka mtoni, nitampigia mama yake simu ya video huku maji yanasikika, na kila nitakapompa simu nitasema, "Haya, ongea na mama." Siyo anti. Mama. Nitarudia mpaka lizoeleke mdomoni, na likikataa nitarudia tena.

Na vile viatu ninavyo mimi, juu ya kabati. Namba 31 mwakani, 33 mwaka unaofuata. Ukiniona ukumbini mwisho wa mwezi, msomaji wangu, usinisalimie. Niulize nafanya nini Dar.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.