Kabla ya kushusha mzigo, lijue soko

Mwaka 1971 wavuvi 24 wa Marekani walipandishwa ndege kwenda kushindana kuvua samaki aina ya besi bila kuambiwa ni ziwa gani. Walijulishwa wakiwa angani: Lake Mead, bwawa kubwa lililo katikati ya jangwa. Zawadi ilikuwa moja tu, dola 10,000, na aliyeichukua ni Bobby Murray.

Siku hizi siri hiyo haipo. Mvuvi wa besi hulijua ziwa mapema, na kazi kubwa huifanya kabla ya shindano. Husoma ramani ya kina, hutafuta mkondo wa mto wa zamani uliofunikwa na bwawa, hupima joto la maji na kutazama upepo unawasukuma samaki wadogo upande gani. Kinachonivutia zaidi ni hiki: siku za mazoezi wengine hukata au kupinda ncha ya ndoana. Samaki akivuta, mvuvi amejua yupo, anamwacha aende. Hataki kumjeruhi leo atakayemhitaji kesho kutwa.

Sasa mtazame mwenzetu anayevuka Namanga, Busia au Mutukula na shehena ya nyanya kwenda soko asilowahi kulikanyaga, kwa mtaji wa mkopo wa kikundi. Kasikia tu kwamba "huko zinalipa". Anafika na kukuta malori mawili yametangulia, au si siku ya gulio. Nyanya hazisubiri. Atauza kwa bei ya dalali, na marejesho ni Ijumaa.

Nauli ya kwenda mikono mitupu wengi huiona hasara. Mimi naona hiyo ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Nenda siku ya gulio. Uliza debe lao linajazwaje, kreti ni ya ukubwa gani, ushuru wa soko anakusanya nani. Uza kidogo, na usitangaze utaleta tani ngapi; dalali akishajua, bei inashuka kabla hujafika. Forodhani uliza kama bidhaa yako imo kwenye orodha ya utaratibu rahisi wa Jumuiya, ambao mzigo usiozidi dola 2,000 hupata cheti cha asili palepale mpakani. Wapo wanaopita njia za panya na bidhaa ambayo ingepita getini bila shida.

Utaniambia bei hubadilika kila wiki. Kweli, hata maji ya ziwa hubadilika mvua ikinyesha. Lakini siku ya gulio, kipimo na ushuru havihami haraka hivyo.

Mashindano mengi huwakataza wavuvi kuchukua habari kwa wenyeji. Sisi hatujakatazwa na mtu. Vikundi vya pande mbili za mpaka vingeanza na karatasi moja tu: siku za gulio, vipimo na ushuru wa kila soko la jirani, ibandikwe pale tunapopanga foleni ya uhamiaji.