Amplifaya ikizima ghafla, anza na betri

Muziki dukani ukikatika ghafla, wengi wetu hapa Maretadu hubeba amplifaya mbio kwa fundi Haydom. Nauli ya bure hiyo! Pima betri kwanza, tena muziki ukiwa unapiga. Betri ya volti 12 ikishuka chini ya 11, imechoka au sola haijaijaza. Wati 100 huvuta zaidi ya ampea 8. Zima, safisha vichwa vya betri, kaza nyaya. Kisha tazama fyuzi. Imeungua? Weka ya ampea zilezile. Ile tabia ya kuziba kwa waya au karatasi ya pakiti ya sigara naipinga kabisa: kitakachoungua baadaye ni nyaya, pengine na magunia ya mahindi yaliyo pembeni. Fyuzi mpya nayo ikikatika papo hapo, sasa mpelekee fundi.