Jino Linalopona Mlangoni
Muheza, mji wa machungwa mkoani Tanga, nao hauwakosi wagonjwa anaowajua kila daktari wa meno. Kuna yule aliyekesha ameshika shavu, lakini jina lake likiitwa tu, jino linatulia. Si uongo mtupu: hofu kali huweza kuyafifisha maumivu kwa muda. Koleo likirudishwa kabatini, jino nalo hukumbuka kazi yake. Mzee mwingine huapa kuwa linalomuuma ni gego la juu. Daktari akigonga, anakuta lililooza ni la chini. “Dokta, jino ni langu, nalijua mwenyewe!” Wala hadanganyi, maana shina moja la neva hupeleka habari za taya zote mbili, na ubongo hukosea anwani. Halafu yupo wa sindano ya ganzi, anayedai kioo kwa kuwa mdomo “umevimba kama embe”, na kioo kikimkana analaumu kioo. Ila kichekesho kikubwa, na kinachoudhi kidogo, ni mabishano ya kung'oa. Wengi huja wameshaamua. Wakiambiwa jino linazibika, humtazama daktari wakihisi anatafuta hela. Na ni hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken alipoanzisha njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Mgonjwa husikiliza yote hayo kwa adabu, kisha huuliza: “Na likiuma tena, mtaling'oa bure?”