Mambo ya Nyumbani: Wembe, Maji na Sabuni ya Kunyolea



Tumepokea barua ya mama mmoja mkaazi wa Tanga, naye atuuliza jambo ambalo tulipolisoma mara ya kwanza tuliliona dogo, na tulipolisoma mara ya pili tukaona si dogo. Asema kwamba mwanawe, kijana wa miaka 18, tangu alipoanza kunyoa mashavu na shingo, koo lake limejaa vipele vyeusi, vingine vina usaha, hata sasa aona haya kukaa safu ya mbele msikitini, na wenziwe wamembandika jina. Mama amekwisha kununua mafuta ya kila namna dukani, na kila pakiti mpya ya wembe husema kuwa ndiyo kali kuliko ya jana. Auliza: Je, kosa ni la wembe au la sabuni? Kisha chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka baada ya kutia sahihi, aandika kuwa kijana hunyoa kwa sabuni ya mche, ile ile ya kufulia, na maji ya kisima.

Kabla ya kumjibu, tuseme neno moja ili tusieleweke vibaya. Hukumu ya kunyoa ndevu zenyewe si maudhui yetu leo. Wanavyuoni wengi wameikataza, na katika madhehebu yetu ya Shafi'i wako waliosema haramu na wako waliosema makuruhu. Atakaye kuijua na amwendee sheikh wake. Lakini hata mwenye kufuga ndevu hutengeneza mashavu na shingo. Mtoto mchanga hunyolewa siku ya saba, hujaji hunyoa kichwa akimaliza ibada yake, wazee wetu wengi hawapendi nywele kichwani, na mambo ya fitra tumewekewa yasipite siku arobaini. Basi hapana nyumba yetu isiyokuwa na wembe, na ni chache zilizofundishwa kuutumia.

Sasa tumjibu mama. Nywele zetu wengi wetu ni za kupinda. Unywele uliopinda ukikatwa chini sana, ncha yake hubaki kali kama mwiba, kisha hukua kwa kujipinda, ukarudi na kuchoma ngozi iliyo ubavuni mwake, au usitoke kabisa ukazunguka ndani. Mwili huuona kuwa ni kitu kigeni, ukavimba na kutunga usaha. Vipele hivyo si uchafu, wala kijana wako hakuambukizwa na mtu. Na kadiri anavyozidi kunyoa chini ili vipele visionekane, ndivyo anavyovipanda vingine. Nyembe za makali mawili yaliyopangwa pamoja, ambazo kampuni ya Gillette ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1971, zatengenezwa kwa makusudi hayo hayo ya kukata chini: kali la kwanza huuvuta unywele, la pili huukata, na kisiki kikarudi chini ya ngozi. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka huo ni uzuri. Kwa mwanao ndio ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo wembe mmoja wa makali pande mbili, ule wa bei rahisi uuzwao kila duka la pembeni, ukitiwa katika kishikio chake, wamfaa kuliko ule wa thamani.

Ama maji, hapa ndipo wengi wanapokosea. Unywele mkavu ni mgumu. Ukinywa maji hutepweta, na nguvu ya kuukata hupungua sana. Lakini haunywi kwa mara moja kama kitambaa. Wataka dakika mbili au tatu za maji ya vuguvugu. Kwa hiyo wakati bora wa kunyoa ni mara baada ya kuoga, au baada ya kuweka usoni taulo iliyochovywa maji ya moto na kukamuliwa. Atiaye maji usoni kwa kiganja kimoja na papo hapo akaanza kukwangua ananyoa mkavu, ijapokuwa uso wake wang'aa.

Na maji ya kisima cha pwani yana khabari yake. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake hubeba chokaa. Chokaa hiyo hushikana na sabuni kabla sabuni haijafanya kazi, ikawa utando mweupe uelea juu ya beseni na kuganda pembeni. Mama zetu walijua tangu zamani kuwa maji ya kisima hiki hula sabuni na ya kisima kile hayali. Basi kinga maji ya mvua, uyaweke chupa moja kwa ajili ya kunyoa tu. Kikombe kimoja chatosha. Tulijaribu sisi wenyewe, sabuni ile ile na mkono ule ule: kwa maji ya kisima povu lilikufa kabla hatujafika kidevuni, na kwa maji ya mvua lilikaa mpaka mwisho.

Tukija kwenye sabuni, yafaa tujue kwanza kwamba sabuni zote huzaliwa na wazazi wawili, mafuta na magadi makali. Magadi ya sodiamu huzaa sabuni ngumu, kama mche wa kufulia; ya potasiamu huzaa sabuni laini iyeyukayo upesi na kutoa povu zito. Sabuni ya mche imeumbwa kuondoa mafuta katika nguo, nayo haijui kutofautisha shati na shavu. Huivua ngozi mafuta yake, ikaiacha kavu na yenye kuwasha, kisha wembe ukaja juu ya ngozi iliyo uchi. Mtu asidhani kuwa sabuni ya kunyolea haina ukali kabisa, la. Lakini hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa magadi ya namna mbili zote, ikaongezwa glisarini ya kushika unyevu, na khasa hutiwa kwa wingi mafuta magumu yaitwayo asidi ya steariki, yale yale yatumiwayo katika mishumaa. Hayo ndiyo yafanyayo povu liwe na vitone vidogo vidogo vilivyoshikana na kudumu. Mafuta ya nazi, pamoja na mapenzi yetu kwayo, hutoa povu kubwa la haraka linalokufa haraka. Kidogo ndani ya sabuni ni kizuri, yakiwa peke yake hayatoshi.

Sisi ambao skuli yetu ilikoma darasa la saba tulimwita binti yetu atusomee maandishi ya pakiti, akaandika majina katika karatasi. Ukiona neno Potassium na neno Stearate au Stearic Acid katika maneno ya mwanzo mwanzo, hiyo ni sabuni ya kunyolea kweli, maana viungo huandikwa kwa kufuata wingi wake. Ukiona harufu nzito mno, jihadhari, kwani manukato huwasha ngozi za watu wengine. Ubaridi wa menthol hupendeza, lakini hautibu kitu. Povu la kopo lililojazwa kwa hewa ni rahisi kwa msafiri, ila sehemu kubwa yake ni hewa, na bei yake si ndogo. Kipande cha sabuni ya kijiti au cha bakuli, kikiachwa kikauke kila baada ya kutumiwa, hudumu miezi.

Lipo na jambo la mafuta yenyewe. Neno Tallowate maana yake ni mafuta ya mnyama, kwa desturi ng'ombe au kondoo, wala pakiti haisemi alichinjwa vipi. Lardate ni ya nguruwe. Palmate ni ya mawese, na Cocoate ni ya nazi. Stearate yaweza kutoka kwa mnyama au kwa mmea. Mahanafi wasema kuwa mafuta yakigeuka sabuni yamekwisha kuwa kitu kingine, na hukumu yake imegeuka. Mashafi'i hawaifungui njia hiyo. Kwa kuwa sabuni za mawese na nazi zapatikana, sisi twaona hapana haja ya kuingia katika shaka kwa ajili ya povu.

Brashi nayo ni hivyo hivyo. Brashi nyingi za bei nafuu ni za manyoya ya nguruwe, na za ghali ni za mnyama wa nchi za baridi aliye wa ukoo mmoja na nyegere. Na katika madhehebu yetu manyoya ya mnyama asiyeliwa si tohara. Muulize mwenye duka, na akisema hajui, iache. Ziko za nyuzi za kutengenezwa viwandani, ambazo hukauka upesi na siku hizi ni laini sana, na ziko za singa za farasi zilizokatwa shingoni na mkiani naye yu hai. Na asiyekuwa na brashi, vidole vyake vyatosha, ila atumie muda zaidi.

Kutengeneza povu ni kama kusonga ugali: maji huongezwa, hayapunguzwi. Lowesha brashi, ikung'ute mpaka isichuruzike, izungushe juu ya sabuni kwa muda wa nusu dakika mpaka ishike kitu kizito kama uji. Kisha nenda usoni au katika bakuli, ukiongeza maji matone machache kwa wakati, ukizungusha. Likiwa na vitone vikubwa vya hewa, bado. Likikauka na kuonekana kama chaki, lataka maji. Likitiririka shingoni, umezidisha, rudi kwenye sabuni. Lile unalolitaka hung'aa na kukaa juu ya kidole kama mtindi mzito. Kijana asione hiyo ni kazi ya bure, kwani povu ndilo litelezeshalo wembe.

Kisha ajue nywele zake zalala upande gani. Apitishe kidole shavuni na kooni siku ambayo hajanyoa. Upande usiokwaruza ndiko zinakoelekea. Kooni mara nyingi huenda ubavu au juu, na upande wa kulia si lazima ufanane na wa kushoto. Huko huko zinakolala ndiko aufuatishe wembe, wala asirudi kinyume chake. Mkono usigandamize; uzito wa kishikio chenyewe watosha, na wembe ulale, usisimame. Mapito yawe mafupi, wembe uoshwe kila baada ya mawili matatu, na palipokwisha povu pasipitwe tena mpaka pawekwe jingine. Ngozi yenye vipele asiivute kwa vidole, maana kuivuta ndiko kukata chini. Akimaliza, maji baridi, kipande cha shabu palipotoka damu, na mafuta kidogo yasiyo na manukato. Wembe wenyewe ubadilishwe baada ya kunyoa mara tatu hata saba, kwa kadiri ya ugumu wa ndevu. Ukianza kuvuta, umekwisha.

Lakini kwa sasa, mama, usimpe hata wembe huo. Na aache kunyoa kwa muda wa mwezi mmoja hivi, apunguze tu kwa mkasi au mashine inayobakisha nywele fupi, asichokoe vipele kwa pini. Vikianza kuwa vigumu na kuota makovu ya kuvimba, khasa kisogoni, aende kwa daktari wa ngozi upesi, kwani makovu hayo hayarudi nyuma kwa sabuni wala kwa wembe.

Sasa twaja kwenye neno ambalo tumelichelewesha kwa sababu latuhusu sisi. Mwaka 1998, katika chuo chetu, tulikuwa na desturi ya kuwanyoa watoto vichwa kila mwisho wa mwezi, wakikaa chini ya mwembe mmoja mmoja. Tulitumia wembe mmoja mpaka ukawa butu, tukiuosha katika mkebe wa maji baina ya mtoto na mtoto, nasi tukaona tumefanya usafi. Mtoto mmoja alikuwa na mapunye, nasi tulidhani ni mba. Haukupita mwezi wa pili ila watoto tisa walikuwa nayo, na mmoja wao, mwana wa mjane jirani yetu, alipata vidonda kichwani vilivyoacha upara hata leo. Mama yake hakutusema kwa neno baya. Alikuja kutuuliza kama kofia ya mtoto yafaa kuchomwa.

Mapunye ni kuvu, na huhama kwa wembe, kwa mashine, kwa kitana na kwa kofia. Na yakiwa kichwani mafuta ya kupaka hayatoshi, hutakiwa dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa aliyoiandika daktari. Na yale tuliyoyafanya yangaliweza kuleta makubwa kuliko mapunye. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai nje ya mwili kwa muda usiopungua siku saba, na damu ipitayo katika wembe yaweza kuwa kidogo hata jicho lisiione. Mkebe wa maji hauyaondoi hayo. Tangu siku ile kila kichwa kina wembe wake, nao haurudi kwa kichwa cha pili, awe ndugu wa tumbo moja au mtu na mkewe. Mwambie hivyo na kinyozi wako, na akikunja uso umpelekee wembe wa kwako mkononi. Nyembe zilizokwisha zitiwe katika kopo la maziwa lililofungwa na kutobolewa tundu jembamba juu; zisitupwe jaani watoto wanakookota.

Mama ameuliza pia juu ya babu wa kijana, ambaye mkono wake watetema na hataki kunyolewa na mwanamke. Basi kijana huyu huyu amnyoe. Ngozi ya mzee imelegea, na kwake, kinyume cha tulivyosema juu, yafaa kuinyoosha polepole kwa kidole gumba, maana wembe hukwama katika mikunjo. Amkalishe penye mwanga wa asubuhi, ampe taulo ya moto muda mrefu zaidi, na aanze na mashavu, koo liwe la mwisho. Kama mzee anywa dawa za kuifanya damu kuwa nyepesi, atumie mashine ya umeme badala ya wembe.

Mwezi ujao, Inshallah, tutajibu barua za wale waliouliza juu ya kuhifadhi maji ya mvua yasiingie mbu.