Kampuni Haikuzaa Ujirani

Keti na mzee yeyote wa kambi za zamani za wachimbaji wa Kolwezi, Kongo, awe wa Musonoi, Luilu au Kapata, hutakawia kumsikia akisema: "Gécamines njo baba, njo mama." Eti kampuni hiyo ya madini ya serikali ilitupa nyumba, ikatupa posho ya unga, na kwa kutupanga mlango kwa mlango ikatufanya ndugu. Wazee wangu nawaheshimu, lakini hapa wamejidanganya, na gharama yake tunailipa sisi.

Tuanze na nyumba. Union Minière, iliyoitangulia Gécamines, haikujenga kwa huruma. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 ilikuwa imechoshwa na vijana wa mikataba mifupi walioletwa kutoka mbali, wakaugua, wakatoroka. Ikaona heri mwanamume akae karibu na mgodi na mke na watoto, watoto nao wakue wakijua kazi ni hiyo. Nyumba ilikuwa sehemu ya mshahara, ila ufunguo ulibaki kwa mwajiri. Mzazi gani humpa mwana chumba kwa sharti la kupiga sururu?

Na ujirani je? Kampuni ilimpanga Msanga, Mlunda, Mchokwe na Mluba wa Kasai kwenye mstari mmoja, kazi yake ikaishia hapo. Waliozoeana ni watu wenyewe: akina mama kwenye foleni ya bomba, likelemba, mchango wa zamu uliozunguka mkono kwa mkono, na kilio, ambapo mtaa mzima ulikesha kwa mfiwa.

Anayebisha akumbuke 1992 na 1993. Kuta zilikuwa zilezile, kampuni ileile. Hata hivyo watu wa Kasai walifukuzwa, maelfu wakarundikana stesheni wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambako wengi wao hawakuzaliwa. Kama undugu huletwa na nyumba ya kampuni, siku hiyo ulikuwa wapi? Aliyefichwa alifichwa na jirani aliyethubutu, si na tofali. Miaka kumi baadaye, wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000 waliagwa kwa malipo ya mkupuo, fedha za Benki ya Dunia. Ndivyo "baba" alivyowaaga wanawe.

Kwa nini nafukua haya? Kwa sababu imani hii inawapa nguvu wanaotuhamisha leo. Watu wa mtaa wa Kasulo walihamishwa mwaka 2017 kwa ajili ya kobalti. Septemba 2023 Amnesty International ilieleza jinsi upanuzi wa mgodi unavyowang'oa watu katika Cité Gécamines, katikati ya mji. Mpimaji wa fidia huja, akahesabu vyumba, milango na miembe, akaandika bei. Jirani hana safu kwenye karatasi yake. Nasi tunanyamaza, tukidhani ujirani huja na nyumba, kwamba popote patakapojengwa kuta utachipuka wenyewe. Mjane hupewa fedha, akapata kiwanja ng'ambo ya mji, na usiku akiugua hana wa kumgongea ukuta.

Basi mpimaji akibisha hodi, msimwonyeshe vyumba tu. Mwambieni aandike na majina ya wa kushoto na wa kulia. Na asitie saini mtu peke yake: tukiondoka, tuondoke mstari mzima, tukashukie mahali pamoja.